Ualimu mkuu wa shule ya msingi: uteuliwe au uombwe kwa usaili?

Hoja iliyo mezani: nafasi ya mwalimu mkuu iendelee kutolewa kwa barua ya uteuzi, au itangazwe, watu waombe na wafanyiwe usaili?

Mwalimu, Kongwa: Itangazwe. Mtu anapokea barua Ijumaa, Jumatatu yuko kitini na hajawahi kugusa mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule wala kufanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mafunzo ya uongozi ya ADEM, wakala wa serikali wa uongozi wa elimu, yatamkuta huko mbele, yakimkuta. Usaili wenyewe usiwe wa maneno matamu. Mpeni daftari la fedha na taarifa ya benki za mwezi mmoja, dakika 40, aseme kwa nini salio halilingani.

Afisa elimu kata, Bahi: Mwalimu, ukitangaza nafasi za mjini utapata rundo la barua. Tangaza ya kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu, uone. Posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi haimvuti mtu huko. Na akifika anakuta nini? Ruzuku ya serikali kwa shule ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati yake ni ya vitabu. Shule ya watoto 400 inabaki na 2,400,000, yaani 200,000 kwa mwezi. Shule nzima inaendeshwa kwa kiasi sawa na posho ya mtu mmoja! Uteuzi walau unampeleka mtu.

Mwalimu mkuu mstaafu, Mpwapwa: Mnabishania kuingia, kumbe balaa liko kwenye kutoka. Ualimu mkuu ni madaraka, si daraja. TGTS yako, yaani ngazi ya mshahara wa mwalimu, inapanda kupitia TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukivuliwa ukuu, mshahara unabaki palepale, inayokatika ni posho. Ndiyo maana watu wanang'ang'ania kiti na makabidhiano yanafanywa kwa kulipua.

Chukua leja ya stoo: saruji iliyopokelewa mifuko 120, iliyotoka kwa hati 97. Zinatakiwa ziwepo 23. Ukihesabu kwa mkono unakuta 11. Mgeni akisaini "nimepokea vyote", ile 12 ni yake mbele ya mkaguzi. Basi hesabu kwanza (jua la saa nane lisikuharakishe), andika upungufu kwenye hati yenyewe ya makabidhiano, wasaini anayetoka, anayeingia na mwenyekiti wa kamati ya shule. Wiki hiyohiyo badilisheni watia saini benki. Mkichelewa, ruzuku inaingia, wa kuidhinisha malipo amehamia wilaya nyingine, na chaki zinakopwa dukani.

Mwalimu, Kongwa: La makabidhiano nakubali, mzee wangu. Ila aliyepita kwenye usaili wa daftari asingesaini leja ile.

Afisa elimu kata, Bahi: Asingesaini, kweli. Kama angeomba kuja. Jengeni nyumba ya mwalimu kwanza, tangazo nitalibandika mwenyewe.