Majirani wa Soweto, Mbeya: bangi ya Kasumulu na mofini ya kabatini

Mzee Ambokile: MAFUTA YA BANGI KUTOKA MALAWI YANATIBU MGONGO, MAGOTI, SUKARI NA KANSA. CHUPA MOJA TU UNASAHAU MAUMIVU. TUMA KWA WATU 10 UWAOKOE.

Mama Neema: Shikamoo mzee. Umeshatuma kwa kikundi kizima, sasa sisi tumtumie nani?

Mzee Ambokile: Marahaba. Nauliza tu. Wenzetu wameruhusu, sisi wabunge wetu wamelala Dodoma.

Gwakisa Bajaji: Hawajalala mzee, wamefumba macho wakitafakari 😂

Lusungu: Shikamoo mzee. Malawi walipitisha sheria 2020, lakini ni ya wenye leseni: kulima na kusindika kwa ajili ya dawa na viwanda. Chamba, yaani bangi, ya kuvuta kijiweni ni kosa hata hukohuko. Na ukishavuka mpaka wa Kasumulu na hiyo chupa, huku kwetu haiitwi dawa tena. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inahesabu kuingiza nchini kuwa ni kusafirisha, na kusafirisha si kosa la kumalizana kwa faini ya papo kwa papo. Haimpi mgonjwa ruhusa ya kujitafutia bangi, awe na cheti au asiwe nacho.

Gwakisa Bajaji: Na mimi niliyembeba abiria bila kujua?

Lusungu: Utaenda kueleza kwamba hukujua. Wakati unaeleza, bajaji imeshikiliwa kama kielelezo, na chombo kilichobeba dawa za kulevya mahakama inaweza kukitaifisha.

Gwakisa Bajaji: Basi kuanzia leo mizigo ya Kasumulu inapita mikononi mwangu kwanza

Baba Lusajo: Lusungu unatisha watu. Umoja wa Mataifa wenyewe Desemba 2020 walipiga kura kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lile la dawa hatari zaidi. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba ilishasema tangu 2018 mtu mzima akitumia faraghani kwake si jinai. Sisi tu ndio tumeganda.

Lusungu: Yote kweli, baba. Ila malizia sentensi. Iliondolewa Jedwali la Nne, ikabaki Jedwali la Kwanza la Mkataba wa 1961, ule wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya. Unajua iko pamoja na nani humo? Mofini, ile dawa kali ya maumivu. Na mofini ni halali hospitali zetu miaka yote.

Nesi Atupele: Asante Lusungu, ndicho nilichokuwa nangoja mtu aseme. Kila mkutano wa hadhara mtu anasimama kuuliza bangi itaruhusiwa lini, makofi, vicheko. Sijawahi kusikia anayeuliza kwa nini dawa ya maumivu ambayo IMESHARUHUSIWA haifiki kwa mgonjwa wa kansa kijijini. Utangulizi wa huohuo mkataba wa 1961 unasema matumizi ya dawa hizi kutuliza maumivu ni ya lazima na nchi zihakikishe zinapatikana. Sisi tumeshika nusu ya kufunga, nusu ya kutoa tumeiacha.

Mama Neema: Kwani haifiki kwa nini? Hela?

Nesi Atupele: Mofini ya maji si dawa ya gharama. Hutengenezwa kwa unga na maji safi. Tatizo linaanzia kwenye makadirio. Kila nchi kila mwaka hupeleka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, makao yake Vienna, hesabu ya kilo inazohitaji. Hesabu hiyo hutegemea sana kilichotumika miaka iliyopita. Daktari akiogopa kuandika, matumizi yanaonekana madogo. Yakionekana madogo, mwaka unaofuata tunaomba kidogo. Tukiomba kidogo, inaisha kabatini. Ikiisha, daktari anazoea kutoiandika. Mzunguko uko hapo, na mwanasiasa anaweza kuukata bila kupeleka hata muswada mmoja bungeni.

Baba Lusajo: Kwa nini daktari aogope kitu halali?

Nesi Atupele: Kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kama mofini, lina kufuli mbili, kila mililita inaandikwa rejesta na kusainiwa na watu wawili. Ikipungua hata kidogo kuna maelezo ya kuandika. Ukiwa peke yako zamu ya usiku, na wagonjwa wamejaa wodini, unashika diklofenaki ya sindano maana haina rejesta.

Mzee Ambokile: Sasa mofini si ndiyo ya kumaliza mtu? Wakishampa wanasema ndugu zake waitwe.

Nesi Atupele: Hapana mzee wangu. Hupewa mwisho kwa sababu imecheleweshwa, ndiyo maana watu wanaona inaua. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanzishwa miligramu 5 za kunywa kila saa 4. Mzee au mwembamba sana, 2.5. Kama chupa imeandikwa miligramu 5 kwa mililita 5, basi miligramu 5 ni mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, si kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Dozi ya kulalia daktari huweza kuiongeza mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa nane usiku. Na inanywewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Ukingoja yarudi ndipo umpe, utayafukuza kutwa nzima.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu, hupita. Kisichopita ni choo kukwama. Choo kigumu cha mofini hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha, kama bisakodili, inaanza SIKU HIYOHIYO ya mofini. Wengi wanaacha dawa nzuri kwa sababu ya tumbo kujaa, si kwa sababu ya maumivu kuisha.

Hatari: haamshiki, anapumua polepole chini ya mara 10 kwa dakika, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya kalamu. Hapo ni hospitali mara moja. Mwenye figo mbovu daktari ajue kabla, dawa hujikusanya mwilini. Pombe na vidonge vya usingizi marufuku.

Mzee Ambokile: Na huu mgongo wangu wa jembe?

Nesi Atupele: Mofini si ya mgongo wa jembe mzee. Ni ya kansa, ajali kubwa, upasuaji, tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mkubwa. Kwa maumivu sugu ya mgongo na viungo, ukiitumia miezi na miezi faida inapungua na mwili unaizoea.

Ipyana wa Duka la Dawa: Niseme na mimi kidogo. Watu wakinyimwa kwangu wananuna. Duka la Dawa Muhimu, huu mpango ulioanzia Ruvuma 2003, lina orodha yake maalum. Tramado haimo. Hiyo ni ya cheti na ya famasi kubwa, msinitume.

Gwakisa Bajaji: Vijana wa stendi wanazipata lakini

Ipyana wa Duka la Dawa: Wanapata na degedege pia. Tramado ukipita miligramu 400 kwa siku ubongo unaweza kuchachamaa mtu akaanguka. Na ikichanganywa na dawa kama amitriptailini hatari inapanda hata chini ya kiwango hicho. Mwambie daktari kila unachomeza.

Kingine kinachonisumbua kila siku: mtu ananunua vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamo, halafu anaongeza panado mbili "za kusukuma". Amekunywa parasetamo mara mbili bila kujua. Mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe ashuke chini ya hapo. Diklofenaki nayo mkiifanya karanga inatoboa tumbo, inapandisha presha, inachosha figo. Ya siku chache, baada ya kula.

Mama Neema: Na ule unga wa kienyeji unaouzwa kwenye mnada? Unasaidia kweli, mama mdogo alitembea siku ileile

Ipyana wa Duka la Dawa: Mama, mti haufanyi kazi kwa saa mbili hivyo. Unga wa viungo unaoponya siku hiyohiyo, mashaka yangu ya kwanza ni kwamba umetiwa steroidi, deksamethasoni au prednisoloni. Angalia uso: ukianza kuwa wa duara, sukari inapanda, ngozi inachubuka ovyo. Na usimwachishe ghafla kama ameutumia wiki nyingi, mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi yake wenyewe. Apelekwe hospitali na huo unga mkononi.

Baba Lusajo: Miguu kuwaka moto usiku, ganzi, kama sisimizi. Panado haigusi. Hiyo mnaijibu vipi? Maana ndiyo watu wanaendea bangi.

Nesi Atupele: Swali zuri. Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu, panado haina kazi pale. Kwanza chanzo: pima sukari, pima VVU. Kama anatumia dawa za TB, aisonaziidi hupunguza vitamini B6, aulize kama anapewa pairidoksini. Dawa yenyewe mara nyingi ni amitriptailini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 saa mbili kabla ya kulala, inapandishwa taratibu. Inachukua wiki 2 hadi 4, watu wanaitupa siku ya tano. Mdomo utakauka, asubuhi kichwa kizito. Mzee mwenye shida ya mkojo au moyo asijianzishie.

Bangi kwa maumivu ya aina hii imefanyiwa utafiti. Inasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi kidogo. Lakini hiyo ni dawa iliyopimwa nguvu yake. Chupa ya Kasumulu hujui ina nini. Ya kula au kunywa inachelewa saa moja hadi mbili kufanya kazi, mtu anaona kimya, anaongeza, zinapanda zote pamoja. Moyo unakimbia, anaona vitu.

Lusungu: Na aliyeona vitu hawezi kwenda hospitali kusema amekunywa nini, anaogopa polisi. Hapo Baba Lusajo una hoja, sheria inamficha mgonjwa.

Baba Lusajo: Hatimaye! Naomba hiyo ibandikwe juu ya kikundi.

Gwakisa Bajaji: Mgongo wa kukaa kwenye bajaji kutwa na hii baridi ya Juni je? Bila vidonge

Nesi Atupele: Usilale kitandani siku tatu, ndiyo inakazana zaidi. Shuka kila baada ya abiria kadhaa, tembea dakika mbili. Jioni chupa ya maji moto, izungushie taulo, dakika 15 hadi 20. Mwenye sukari na ganzi ASIWEKE miguuni, anaungua hasikii. Na mgongo wenye homa, jasho la usiku na kukonda si baridi ya Mbeya, ni kupima TB ya uti wa mgongo. Miguu kulegea, ganzi sehemu za kukalia au mkojo kugoma, ni leo, si kesho.

Mama Neema: Diwani anakuja Jumamosi. Tumwulize nini sasa, bangi au mofini?

Baba Lusajo: Zote. Bangi nitauliza mimi.

Lusungu: Mimi naandika haya: zahanati na kituo cha afya chetu vinaweza kutoa mofini ya maji au mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda? Nani amepewa mafunzo ya kuiandika? Na Bima ya Afya kwa Wote, sheria iliyopitishwa Novemba 2023, kitita chake kinagusaje tiba shufaa ya nyumbani? Diwani atasema si ngazi yake. Sawa, baraza la madiwani linapitisha bajeti ya afya ya halmashauri, aanzie hapo.

Mzee Ambokile: Mgonjwa wa Tukuyu akipewa hiyo mofini Mbeya mjini, njiani askari wakikagua basi?

Lusungu: Aiache kwenye chupa ya hospitali yenye lebo ya jina lake, asihamishie kwenye chupa ya soda. Cheti na kadi ya hospitali awe navyo mfukoni, si kwenye begi la juu. Kiasi kilingane na kilichoandikwa.

Nesi Atupele: Nyumbani ifungiwe sandukuni, mbali na watoto na jua. Ikibaki mgonjwa akifariki, irudishwe hospitali ilikotoka na risiti ya kurudisha muombe. Msimpe jirani mwenye jino.

Mzee Ambokile: Ndaga fijo, asanteni sana. Ule ujumbe wa juu naufutaje?

Gwakisa Bajaji: Ubonyeze kwa muda mrefu mzee, halafu "futa kwa wote"

Mama Neema: Amefuta kwake tu 😂 sisi bado tunao