Tupeane uzoefu: mkate wa bibi, na mtoto anayetaka kufundishwa

Mjukuu wa Pangani
Wadau, jana mwanangu wa miaka 7 karudi shule anakariri "haba na haba hujaza kibaba". Nikamuuliza kibaba ni nini. Kimya. Mwishowe akasema labda ni ndoo ndogo. Ikabidi nikae chini.

Mimi kibaba nilikijua kabla sijajua kuandika jina langu. Cha bibi kilikuwa kopo la bati lililokunjwa mdomo, vibaba vinne pishi moja, na kila Ramadhani kazi yangu ilikuwa kupima mchele wa mkate wa kumimina. "Pitisha kiganja juu, kisiwe na kichuguu," ndivyo alivyonielekeza. Robo, nusu, robo tatu nilizijulia pale mkekani. Mwalimu alipokuja kuzichora ubaoni, mimi nilikuwa naona mchele.

Sasa mtoto anataka tupike wote. Tatizo, bibi hakupima kitu kingine zaidi ya mchele. Tui kwa jicho, hamira kwa ncha za vidole, sukari anaonja. Ameshatangulia mbele ya haki. Nyie mlifundishwaje? Na watoto mnawaacha wasogelee moto?

Kibokoni
Huo kwetu Mombasa ni mkate wa sinia. Nyanya alikuwa akiloweka mchele usiku kucha, asubuhi anausaga na tui zito, hamira, sukari na iliki. Uzito wake uangalie hivi: chota kwa upawa, mimina kutoka juu. Ukishuka kama uzi bila kukatika, hapo umefika. Ukidondoka mabonge, ongeza tui kidogo kidogo.

Bint Unguja
Sinia ni chombo, dada yangu. Mkate wenyewe ni wa kumimina. Tusiwachanganye watoto.

Kibokoni
Na kumimina ni kitendo. Mimi jina hili nimelikuta kinywani mwa nyanya yangu, na yeye alilikuta kwa mama yake. Siliachi.

Mpenda iliki
Naunga mkono sinia.

Bint Unguja
Haya. Ila tui liwe la nazi ya kukuna. Mtoto akalie mbuzi, akune, akamue kwa kifumbu, ajue tui la kwanza na la pili. Ukimpa la kopo umemfundisha kufungua kopo.

Mama Pacha
Bint Unguja, mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni na nina watoto wawili wa miaka 5. La kopo natumia na wanangu wanajifunza. Usitufanye tuone tunawanyima kitu.

Fundi Maandazi
Kuhusu hamira nina la kusema. Nilikuwa na miaka 10, kesho yake ni Idd, nikapewa niumue unga. Kwa kutaka uumuke haraka nikatia maji ya moto kabisa. Saa mbili nzima unga umelala vilevile. Bibi akauchovya kidole, akasema, "Umeiunguza. Hamira ni kitu hai, mjukuu wangu." Hakunigombeza, akanipa bakuli jipya. Tone la maji ndani ya kifundo cha mkono: usisikie baridi wala moto. Kijiko cha sukari, hamira juu yake, funika dakika kumi. Nikafunua nikaona povu linapanda. Kila mwanafunzi wangu naanza naye hapo.

Mshambaa wa Soni
Nimesoma swali la moto nikashindwa kulala. Nikieleze kisa changu.

Lushoto, mwezi wa saba, ile baridi mnayoisikia. Mimi miaka 9, mdogo wangu miaka 4. Bibi anatuokea keki kwa mkaa: sufuria kubwa ina mchanga, ndani sufuria ndogo, makaa juu ya mfuniko. Kazi yangu ilikuwa kuparuza ganda la ndimu. Manyunyu yakaanza. Bibi akaingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha, chini ya mlango akaziba kwa kanga ili tusipigwe na baridi. Jiko limeshika vizuri, makaa mekundu, moshi hakuna.

Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani njaa. Mdogo wangu kalala mkekani. Bibi yuko kwenye kigoda, kijiko mkononi, kichwa kimeinama. Nikamwita. Nikamwita tena. Kusimama, magoti hayapo. Nikatambaa mpaka mlangoni, komeo liko juu, nikaligonga kwa mwiko sijui mara ngapi mpaka likateleza. Nikaangukia nje kwenye matope, nikatapika, nikapiga yowe.

Jirani alikuja na wanawe. Bibi walimvuta na mkeka wake mpaka barazani, manyunyu yakimpiga usoni. Alipofumbua macho aliuliza, "Watoto wako wapi?" Mdogo wangu alichelewa sana kuamka. Nilimshika unyayo muda wote, ulikuwa wa baridi. Alipolia nami nikalia.

Keki ilikuwa imeiva, rangi ya dhahabu. Ilikaa barazani mpaka kesho yake, hakuna aliyeikata.

Mama Pacha
Mungu wangu. Pole sana kaka.

Muuguzi wa zamu
Pole sana. Wadau, makaa yakishakuwa mekundu bila moshi ndipo watu huyaamini. Hewa inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi: toka nje kwanza, halafu hospitali, hata kama umeshazinduka.

Mtu wa Makete
Sisi huku tumekua na jiko ndani miaka yote.

Muuguzi wa zamu
Kaka, nyumba za nyasi zilipitisha hewa. Ya leo ina dari na vioo, imeziba kila upande. Nakuomba, usiku wa leo litoe nje.

Fundi Maandazi
Basi mtoto asiguse moto mpaka afike miaka 12.

Kibokoni
Akae mbali mpaka 12 ataujulia wapi? Wangu wa miaka 6 anashika koleo nikiwa nimemshika mkono, uani.

Kijana wa Mikindani
Bibi yangu macho yaliondoka mimi nikiwa darasa la nne, lakini mikate hakuacha. Alikuwa anainamisha sikio juu ya sufuria. "Sikiliza, bado unalia." Kweli, chini kulikuwa na sauti ndogo kama mvua ya mbali. Ikipungua, ananiambia punguza makaa ya chini, palia ya juu. Mjukuu wa Pangani, mfundishe mtoto kusikiliza. Na akae upande ambao moshi hauendi.

Mjukuu wa Pangani
Nimewasoma wote, na kaka wa Soni nimekusoma mara tatu. Jiko litakuwa uani, chini ya mwembe. Kopo nimepata dukani, tumelikunja mdomo, mtoto kalijaza na kupitisha kiganja. Vibaba viwili vimeshalowekwa. Kibokoni, iliki punje ngapi kwa kiasi hicho?

Kibokoni
Nane. Uzitwange, usizitie nzima.

Bint Unguja
Sita zatosha.