Naomba ushauri: nafasi tatu za usajili, nijaze wakongwe au chipukizi?

Kocha_Msaidizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni kocha msaidizi wa klabu ya kikapu, ligi ya wanaume watu wazima. Kocha mkuu amenikabidhi kazi ya kupendekeza wachezaji watatu wa kukamilisha orodha ya 12 kabla dirisha la usajili halijafungwa. Jambo hili linanikosesha usingizi, naombeni mawazo yenu.

Kati ya tisa waliobaki, sita wako chini ya miaka 22. Wana kasi, wanaruka, wanapenda mazoezi. Pointigadi wetu, yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, ana miaka 20 na naamini kabisa atafika mbali. Shida yetu ni robo ya nne. Msimu uliopita tuliingia mapumziko tukiongoza mara nyingi tu, lakini wapinzani wakianza kutubana uwanja mzima, tunaparaganyika: pasi zinakatwa, mitupo inaondoka mapema, faulo zinafanyika mbali na kikapu bila sababu. Kila mtu anasema tumekosa watu wazima uwanjani.

Wanaopatikana ni hawa. Pointigadi wa miaka 35, miguu imepungua kasi lakini mpira haupotei mikononi mwake na mitupo huru anaiweka. Fowadi wa miaka 32 aliyekuwa mfungaji bora wa timu aliyotoka. Huyu anataka kuanza na amelisema hilo mapema. Senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, wa miaka 19, mita 2.06, mbichi kabisa, faulo tano anazimaliza haraka sana. Winga wa miaka 21, mlinzi mzuri, hana mtupo wa mbali. Na yupo fowadi mwingine wa miaka 30, hana jina kubwa, kazi yake kulinda na kutupa pointi tatu akiwa kona.

Viongozi wa klabu wanataka chipukizi, wachezaji wanamtaka mfungaji. Nataka kujua: wakongwe wangapi wanatosha, na wa aina gani?

UbaoNaKamba

Mkuu, weka umri pembeni kwanza, chukua karatasi ugawe dakika. Mechi kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni robo nne za dakika 10, wachezaji watano kwa wakati mmoja. Una dakika 200, hazizidi hata moja. Pointigadi wako wa miaka 20 mwandikie 30, kwa sababu bila hizo hakui. Chipukizi wengine watatu unaowaamini waandikie 25 kila mmoja. Tayari 105 zimeondoka. Zilizobaki 95 zinagawanywa kwa watu wanane.

Sasa mwandikie huyo fowadi mfungaji dakika 30 zake anazozitaka, uone zinatoka kwa nani. Ukimaliza dakika, fanya hesabu ileile kwa mpira wenyewe: nani anaanzisha shambulizi, nani anamalizia, nani anakubali kupita mechi nzima akitupa mara nne tu. Hapo ndipo usajili unapoharibika. Tunaongeza vipaji juu ya vipaji na mpira unabaki mmoja.

Kule NBA, ligi kuu ya Marekani, Oklahoma City Thunder walikuwa na Josh Giddey, kijana wa miaka 21 mwenye kipaji cha kweli cha pasi. Lakini mpira ulikuwa wa Shai Gilgeous-Alexander na Jalen Williams, na Giddey akiwa hana mpira walinzi walimwacha peke yake wakaenda kusaidia kwingine. Juni 2024 wakambadilisha na Alex Caruso, aliyekuwa na miaka 30 na hahitaji mpira kabisa. Kwa kipimo cha kipaji, unaweza kusema walipunjwa. Msimu uliofuata walishinda mechi 68 na kuchukua ubingwa. Giddey naye alipata timu inayompa mpira kule Chicago. Kila mmoja alifika panapomfaa.

Kwa hiyo mimi namtazama huyo wa miaka 30 uliyemtaja mwisho kwa sentensi moja.

Rebaundi_Kwanza

Napingana kidogo na wakuu. Vijana wajifunze wenyewe. Ukiwaletea mzee wa kuwavusha kila robo ya nne, watavushwa hadi lini? Wache wabanwe, wapoteze mpira, wafungwe, mwaka kesho watajua. Chukua senta na winga, nafasi ya tatu iache wazi hadi katikati ya msimu.

DadaKocha

Rebaundi_Kwanza, ndugu yangu, kufungwa kunafundisha pale tu mchezaji anapokuwa na mtu wa kumweleza alichokosea papo hapo, mpira ungali unachezwa. Vijana wakifungwa peke yao wanajifunza mambo mengine kabisa: kulaumiana, kutafuta takwimu zao binafsi, kuizoea hali. Detroit Pistons msimu wa 2023-24 walikuwa na vijana wengi wenye vipaji na walipoteza mechi 28 mfululizo. Walimaliza na ushindi 14. Kiangazi kilichofuata wakawaleta Tobias Harris na Tim Hardaway Jr., wote wa miaka 32, watu wa kutupa na kufungua nafasi, na mpira ukabaki kwa kijana wao Cade Cunningham vilevile. Wakashinda 44. Nakiri walibadilisha kocha pia, na vijana walikuwa wameongeza mwaka mmoja, kwa hiyo sifa zote si za wakongwe. Ila waliofika hawakumnyang'anya kijana hata jukumu moja, na hilo ndilo la kuangalia.

Mimi nafundisha timu ya wanawake, na kigezo changu kwa mkongwe ni hiki: akiwa uwanjani, yule kijana ninayemjenga anapata nafasi bora zaidi ya kufanya kazi yake, au anasogezwa pembeni? Pointigadi Mike Conley alipofika Minnesota Timberwolves Februari 2023 alikuwa na miaka 35. Anthony Edwards, nyota kijana wa timu hiyo, alikuwa na 21. Conley hakuja kumshindania mpira. Alikuja kupanga watu, na senta Rudy Gobert alikuwa anamfahamu tangu walipokuwa wote Utah, kwa hiyo Conley alijua kumpatia mpira mahali anapoupenda. Timu ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi 2024, na tena 2025.

Na wasifu mkubwa hautoshi. Kwenye WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, Indiana Fever walimsajili DeWanna Bonner kabla ya msimu wa 2025, bingwa mara mbili, ili awe karibu na nyota wao kijana Caitlin Clark na wenzake. Kwa karatasi lilikuwa jambo zuri. Akacheza mechi tisa, wakaachana Juni. Akaenda Phoenix Mercury, timu iliyofika fainali mwaka uleule. Mchezaji ni yuleyule.

Kaka, huyo pointigadi wa miaka 35 umeshamwona akilinda? Hilo ndilo swali langu. Akiwa uwanjani dhidi ya pointigadi mwenye kasi, utamficha wapi?

Sita_wa_Benchi

Habari za humu. Mimi nazungumza kama mchezaji, nimeshapita miaka 33 na natokea benchi.

Kocha, zungumza nao kabla ya kusaini, na uzungumze kwa dakika na majukumu. Usimwambie mkongwe "tunahitaji uzoefu wako". Hayo maneno kila mmoja huyasikia anavyotaka. Mimi ningesikia kwamba nitaanza. Mwambie: utaingia katikati ya robo ya pili, utacheza kama dakika 12, robo ya nne utakuwepo tukibanwa, na mpira wa mwisho ni wa kijana. Kisha nyamaza umtazame usoni. Akianza kukuhesabia mafanikio yake ya zamani, jibu umelipata.

Mkongwe akikubali kutoka moyoni, chumba kizima kinabadilika. Andre Iguodala alikuwa ameanza kila mechi aliyocheza NBA hadi Steve Kerr, kocha wa Golden State Warriors, alipomwomba mwaka 2014 atokee benchi, na nafasi yake ikaenda kwa Harrison Barnes wa miaka 22. Alikubali. Mbele ya mtu kama huyo, nani tena atalalamika kuhusu dakika? Fainali za 2015 zilipokuwa ngumu alirudishwa kuanza kuanzia mechi ya nne, akatoka akiwa mchezaji bora wa fainali.

Jambo jingine ambalo makocha mnalisahau: mazoezi. Mkongwe anayecheza dakika 12 Jumamosi anafundisha wiki nzima. Anamsimamisha kijana, anamwambia "mguu wako wa ndani ulikuwa mbele, ndiyo maana amekupita". Kocha akisema hivyo ni amri. Mwenzake akisema, ni siri ya kazi anampa. Lakini lazima awe anahudhuria. Mkongwe wa kuja siku za mechi tu ni hasara, usimchukue hata bure.

Kocha_Msaidizi

Nashukuruni sana, mmenifungua macho. DadaKocha, kwenye ulinzi ni kweli, dhidi ya mtu mwepesi anaachwa. Nilikuwa nafikiria kumweka pamoja na pointigadi wetu kijana, kijana alinde mpira, mkongwe achukue mtupaji wao wa kona.

Gawio la dakika nimelifanya usiku huu. Fowadi mfungaji haingii popote bila kuwakata vijana wawili. Sikutegemea lingekuwa wazi kiasi hicho.

Bado nina swali juu ya senta. Mita 2.06 hazipatikani kila siku. Nikimwacha ataenda kwingine.

UbaoNaKamba

Wawili kwa pamoja, hapo ndipo penyewe. Kubanwa uwanja mzima kunawaumiza walio na mtu mmoja tu wa kupandisha mpira. Mna sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Kijana akizingirwa na wawili anamtafuta nani? Mkiwa na wa pili anayesimama katikati, akipokea bila hofu, wabanaji wenyewe watarudi nyuma. Fanyeni mazoezi ya hilo kila siku, watano dhidi ya saba ikibidi.

Senta mchukue, lakini usimtegemee. Golden State Warriors walimchagua James Wiseman wa pili kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA) ya 2020 wakiwa na kikosi cha mabingwa kinachocheza kwa kusomana na pasi za haraka. Senta mbichi anahitaji dakika nyingi za kukosea, na timu inayotaka ubingwa mwaka huohuo haina dakika hizo za kumpa. Akaumia pia, akakosa msimu mzima wa 2021-22. Wenzake wakachukua ubingwa 2022 na yeye akauzwa Februari 2023. Sisemi kijana hakuwa na kipaji. Mahali na wakati havikukutana.

Wako mpe dakika nane, robo ya kwanza na ya tatu, kazi mbili tu: weka skrini (simama umzuie mlinzi ili mwenzako apite), zuia mtu wako asipate rebaundi (mpira unaorudi mtupo ukikosa). Faulo zitapungua akiacha kuruka kila mtupo.

Rebaundi_Kwanza

Nakubali kuhusu pointigadi mkongwe, hoja ya kubanwa imenishika. Lakini winga mmemsahau. Mlinzi wa miaka 21 mnamwacha hivi hivi?

DadaKocha

Hatujamsahau. Kocha ana vijana sita tayari, na winga asiye na mtupo akisimama karibu na senta asiye na mtupo, walinzi watano wote wanakaa ndani ya eneo la kikapu na pointigadi kijana hana njia ya kupita. Wa miaka 30 anafungua hiyo njia. Ndiyo maana nami namchagua huyo, pamoja na pointigadi mkongwe na senta. Winga mwalikeni mazoezini, mwekeni kwenye mtupo, dirisha lijalo mmwangalie tena.

Sita_wa_Benchi

Na mfungaji mpigie simu wewe mwenyewe, kocha, asisikie kwa wachezaji wenzake. Mwambie sababu ni dakika. Wachezaji wako wanaomtaka waonyeshe karatasi ile ile ya dakika 200, waulize nani yuko tayari kumpa zake.

Kocha_Msaidizi

Nimeshampigia leo asubuhi. Alisikitika, akauliza kama angekubali dakika 15 ingebadilisha kitu. Nimemwambia nitamjibu baada ya kuzungumza na kocha mkuu, maana hilo sikulitegemea. Karatasi nimeibandika chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wameanza kuijadili. Kikao na viongozi ni Alhamisi.