Peni imevujia mfukoni mwa shati jeupe la shule, nianzie wapi?

Mama Wawili, Nyakato
Habarini wakuu. Peni ya bluu, hizi za kawaida, imevujia mfukoni mwa shati jeupe la shule. Doa ni kubwa kama kifuniko cha soda na limeshatambaa hadi kwenye mshono wa mfuko. Lebo ya ndani inasema polista 65, pamba 35. Limefuliwa mara moja kwa sabuni ya unga na maji ya baridi, halikutoka. Pasi bado halijapigwa. Nyumbani kuna Jik na malimao, na nimeshauriwa nichanganye vyote niloweke usiku kucha. Ni sahihi? Na hiyo spiriti inayosemwa ni ipi hasa?

Dobi wa Mabatini
Mama Wawili, hilo la Jik na limao acha kabisa. Tindikali ya limao ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na kubana kifua, na bafu zetu nyingi hazina hata dirisha. Siki nayo ni hivyo hivyo.

Wino wa peni hizi si wa maji. Rangi yake imeyeyushwa kwenye kimiminika kizito cha jamii ya alkoholi, ndiyo maana sabuni ya unga imeshindwa. Kinachoutoa ni spiriti. Nenda duka la dawa uombe spiriti ya kusafishia vidonda, na hakikisha ni nyeupe kama maji. Ipo iliyotiwa rangi ya zambarau au bluu, hiyo inaweza kukuachia doa lake yenyewe. Ukikosa, chukua kitakasa mikono kisicho na rangi, chenye alkoholi asilimia 60 au zaidi.

Kabla ya kugusa doa, fumua mfuko upande wa chini na ubavu mmoja. Ukiacha mfuko na kifua cha shati vimegusana, unachotoa huku kinahamia kule. Kisha safisha kila tabaka peke yake.

Kunja kitambaa cheupe cha pamba mara nne, kiweke mezani, ulaze shati juu yake upande wenye wino ukiangalia chini. Spiriti unaidondosha kwa nyuma ili wino urudi ulikoingilia. Ukimwaga kwa mbele unausukuma uzame zaidi. Anza kulowanisha duara kuzunguka doa, ndipo uje katikati na kijiko kimoja cha chai. Subiri nusu dakika, gandamiza kwa pamba, usisugue. Ukiinua shati utaona kitambaa cha chini kimepiga chapa: katikati bluu nzito, ukingoni inapauka kuwa zambarau. Hapo hapo sogeza shati kwenye sehemu safi ya kitambaa.

Kusogeza huko ndiko watu wengi wanakoruka. Wanadondosha spiriti mara kumi juu ya kitambaa kile kile, wino unayeyuka, unakosa pa kwenda, unarudi na kutanda. Asubuhi doa la kifuniko cha soda limekuwa la sahani. Kwa doa lako andaa mililita 100 za spiriti na vitambaa viwili vitatu vya kuukuu.

Kitambaa cha chini kikiacha kupokea rangi, paka sabuni ya maji ya vyombo, fikicha taratibu kwa vidole, acha dakika 10, suuza kwa maji ya baridi. Anika kivulini. Hapa Mwanza tumezoea kutandaza nguo juu ya mawe, lakini jiwe la saa saba mchana lina joto la kugandisha mabaki ya wino. Nguo ikiloa doa hufichika, kwa hiyo likague likiwa limekauka, ndipo uamue kurudia au kupiga pasi.

Spiriti inawaka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Jiko la mkaa na la gesi vikae mbali, mlango uwe wazi.

Kemia_Kirumba
Dobi kamaliza kazi, naongezea upande wa Jik kwa sababu bado ina nafasi yake. Inakuja mwisho, kama kimebaki kivuli cha zambarau. Suuza shati kwanza mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa, maana Jik ikikutana na spiriti au asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha) inaweza kutengeneza kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwemo. Vijiko viwili vya chakula kwa lita 5 za maji ya baridi, dakika 10, ukizidi sana 15. Usiku kucha hapana: pamba iliyomo kwenye hiyo 35 inaliwa, na shati litachanika pale pale mfukoni baada ya kufuliwa mara chache.

Wanaotumia maji ya kisima waangalie. Maji yakiwa na chuma, Jik inakigeuza kutu ndani ya nyuzi na shati linatoka na rangi ya chai. Tafuta ya bomba au ya mvua kwa hatua hiyo. Na jamani, maji ya Jik na spiriti tuyamwage chooni, si ziwani wala mtaro unaoingia Mto Mirongo. Maji hayo hayo ndimo tunamovua dagaa.

Mitumba Mlango Mmoja
Yote hayo ni kwa nguo nyeupe. Kitenge au batiki, jaribu kwanza spiriti tone moja kwenye upindo wa ndani, gandamiza na pamba nyeupe. Pamba ikichukua rangi ya kitenge, simama, nguo hiyo mpelekee dobi. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni kinatoa wino vizuri kwenye jinzi na pamba, ila kuna bitana za koti na satini za asetati zinayeyuka kama nailoni kwenye moto. Lebo ikisema asetati usikaribie.

Peni za jeli ni habari nyingine. Gusa doa kwa pamba yenye maji: rangi ikitoka, wino huo ni wa maji, anza na sabuni ya maji na gliserini nusu kwa nusu, saa moja, suuza. Isipotoka nenda kwenye spiriti. Jeli nyeusi mara nyingi ina chembe ngumu zisizoyeyuka popote, zikishakauka hupungua tu, haziishi.

Maziwa na chumvi msipoteze. Petroli nayo inatoa grisi, wino wa peni haiuwezi, na ni hatari ndani ya nyumba.

Mama Wawili, Nyakato
Asanteni sana. Kifua cha shati ni cheupe kabisa, na mfuko pia. Umebaki mstari mwembamba wa bluu kwenye mshono ambao haukufumuliwa. Nimedondosha spiriti mara sita, hautoki.

Dobi wa Mabatini
Huo si kitambaa tena, ni uzi. Uzi wa cherehani umesokotwa, wino unaingia katikati ya msokoto na spiriti inapita juu juu. Isitoshe pale nguo imekunjwa tabaka tatu. Fumua na ubavu huo, toa uzi wote kwa kibano, kisha dondoshea spiriti kwenye mikunjo iliyofunguka. Fundi ashone upya kwa uzi mweupe wa polista, na mwambie asipige pasi mpaka uone mikunjo imekauka bila bluu.