Kuhama Van Nuys kwenda Palmdale: ni nafuu kweli au tunahamisha gharama tu? Naomba ushauri

BabaNuru

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mlioko kusini mwa California au mliowahi kuishi kule jangwani Antelope Valley, kwenye miji ya Palmdale na Lancaster, kaskazini mwa Los Angeles.

Tuna watoto watatu, tunaishi Van Nuys, Los Angeles, kwenye apatimenti ya vyumba viwili. Kodi imepanda tena, na binti yetu mkubwa anaingia sekondari bado analala chumba kimoja na wadogo zake wa kiume. Mimi kazi yangu ni ya ofisini Burbank na lazima niwepo siku zote tano. Mke wangu ni nesi, anafanya zamu za usiku. Kipato chetu kinatutoa kwenye misaada yote ya nyumba, ila kila tukipiga hesabu ya kununua huku San Fernando Valley tunagonga mwamba. Palmdale na Lancaster, kwa fedha ya kununua apatimenti (kondo) ya huku, tunaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne yenye gereji na ua.

Mke wangu anahofia joto, safari na upweke, maana jamaa zetu wote wako huku chini. Mimi nahofia kuendelea kulipa kodi mpaka watoto waondoke nyumbani bila kuwaachia kitu. Dalali anatuharakisha tutoe ofa. Waliopita njia hii, tunaomba mtuambie ukweli kabla hatujasaini. Nawasilisha.

Mkazi_Lancaster

Karibu mkuu. Mimi niko Lancaster, nilitokea Inglewood, na sijutii. Lakini nikwambie kuhusu barabara kabla ya nyumba, kwa sababu barabara ndiyo itakayoamua kama ndoa na afya yako vitabaki salama.

Palmdale hadi Burbank ni karibu kilomita 90 kwenda tu. Barabara kuu ni moja, namba 14, na inaungana na namba 5 pale Newhall Pass, ambapo magari ya watu wote wa kaskazini hubanana. Saa kumi na nusu alfajiri utaona taa nyekundu za magari zimepangana kuteremka kwenye mji mdogo wa Acton, giza bado halijaondoka. Ajali moja au moto wa nyika ukifunga njia, kinachobaki ni Sierra Highway au ile barabara ya milimani ya Angeles Forest, yenye kona nyingi na ambayo majira ya baridi theluji huweza kuifunga.

Piga hesabu ya mafuta: gari la kawaida linalokwenda maili 28 kwa galoni litakula karibu galoni 90 kwa mwezi kwa safari yako. Zidisha kwa bei ya pampu ya leo, ongeza matairi na oili, kisha rudisha jibu kwenye ile tofauti ya kodi unayodhani utaokoa.

Bahati yako ni Burbank. Treni ya Metrolink ya Antelope Valley inatoka Lancaster, inasimama Palmdale, na ina kituo Burbank mjini kabla ya kufika Union Station, kituo kikuu cha Los Angeles. Ni polepole, zaidi ya saa moja na nusu kufika Burbank, ila unalala au unafanya kazi ndani. Kama ofisi yako iko mbali na kituo, hiyo hesabu inabadilika kabisa. Wiki moja ya kawaida ya kazi, kabla ya ofa yoyote, amka usiku uendeshe hadi Palmdale, upande treni ya watu wanaoteremka kwenda kazini, na jioni urudi nao.

Nesi_Mwanaidi

Shemeji, mimi nimeguswa na habari ya wifi. Kumaliza zamu ya usiku halafu kuendesha saa nzima na zaidi jua likikuchoma usoni ni hatari, na sisi manesi tunajua wenzetu waliosinzia kwenye usukani. Kabla hamjahama, yeye ndiye atafute kazi kule kwanza. Kuna Antelope Valley Medical Center pale Lancaster, kuna Palmdale Regional, na Kaiser nao wana vituo. Akipata zamu huko, nyumbani anabaki mzazi mmoja aliye karibu na shule. Mkihama wote wawili mkiendelea kufanya kazi huku chini, mtoto akipata homa saa tano asubuhi nani atamchukua? Ninyi wote mko mbali na shule kwa zaidi ya saa moja.

La pili, dalali hatalitaja. Kwenye udongo wa jangwa lile kuna kuvu, na upepo ukivuma au matrekta yakichimba viwanja vipya, mbegu zake zinapaa na vumbi. Wenyeji wanauita ugonjwa huo Valley Fever. Unaanza kama mafua makali au nimonia: kikohozi kisichoisha, homa, uchovu wa wiki nyingi. Hauambukizwi mtu kwa mtu na wengi hupona, ila sisi watu wenye asili ya Afrika tuko katika hatari kubwa zaidi ya kuvu kusambaa mwilini, na wajawazito pia. Sikutishi. Nataka ujue ili mmoja wenu akikohoa kwa muda mrefu, umwambie daktari wazi kwamba mnaishi Antelope Valley na uombe kipimo chake. Siku za upepo funga madirisha, na badilisha chujio la kiyoyozi mapema kuliko walivyoandika.

Hesabu_Kwanza

Mkuu BabaNuru, usiangalie bei ya nyumba peke yake. Chukua karatasi ya kila nyumba na uulize mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo.

Kodi ya majengo California ina msingi wa asilimia 1 ya thamani, na tangu sheria ya Proposition 13 ya 1978 thamani hiyo haiongezwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka ukiwa bado mmiliki. Hapo uko salama kuliko mpangaji. Lakini mitaa mipya mingi ina nyongeza inayoitwa Mello-Roos, ya kulipia barabara, mabomba na shule za mtaa huo, na inaweza kudumu miaka mingi. Nyumba mbili zinazofanana, za bei moja, zinaweza kutofautiana mamia ya dola kwa mwezi kwa sababu hiyo na ada ya HOA (chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa) tu. Halafu baada ya kununua itakuja bili ya ziada ya kodi ya majengo, kwa sababu thamani imebadilika, na mara nyingi benki haiilipi kwenye malipo yako ya kila mwezi. Inakuja kwenye sanduku la posta kwa jina lako. Iwekee akiba.

Sola nayo: uliza kama paneli ni za mwenye nyumba au za kukodi. Za kukodi unarithi mkataba wake, na mingine malipo yanapanda kila mwaka.

Kianzio, yaani malipo ya awali, kisikuzuie. Mkopo wa FHA, unaodhaminiwa na serikali, unakubali asilimia 3.5 ukiwa na alama 580 za mikopo, ingawa utalipa bima ya mkopo juu yake. Usitumie akiba yote kuupata ufunguo. Na kumbuka kilichotokea kuanzia 2008 bei za nyumba ziliposhuka: maeneo ya mbali kama haya yaliumia sana, watu walidaiwa kuliko thamani ya nyumba. Nunua kule kama utakaa miaka mingi. Kama wazo ni kuuza baada ya muda mfupi, kaa ulipo.

MamaWawili

Kaka, naongeza moja ambalo watu wanalinyamazia. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi kwamba askari wa sherifu Palmdale na Lancaster walikuwa wakiwabagua watu weusi na Walatino, kwenye kuwasimamisha barabarani na kwenye kupekua nyumba za waliokuwa wakilipiwa kodi ya pango na serikali. Mwaka 2015 wakafikia makubaliano ya kurekebisha. Mimi nina wavulana, ndiyo maana nilisoma. Nenda ukakae kwenye mtaa wenyewe, ongea na majirani, waulize wazazi weusi wanasemaje kuhusu shule. Shule zenyewe zimegawanyika: za msingi ziko chini ya wilaya mbalimbali, za sekondari ziko chini ya Antelope Valley Union. Andika anwani ya nyumba uone mtoto anaangukia shule ipi, usiamini neno la dalali.

Fundi_Mojave

Hongera kwa kufikiria mbali. Kazi kule zipo zaidi ya hospitali: kwenye kiwanda cha ndege za kijeshi cha Plant 42, Palmdale, wako Northrop Grumman, Lockheed Martin na Boeing, na Edwards kuna kambi ya jeshi la anga. Ila kazi nyingi za humo zinataka uraia kwa sababu ya siri za kijeshi, green card haitoshi. Kama karatasi zako tayari ni za uraia, omba. Kuteremka kwenda kazini huko chini kila siku ukiwa na miaka 35 si sawa na ukiwa na 50.

BabaNuru

Wakuu, asanteni sana. Nimemsomea mama watoto yote, na jibu la dada Mwanaidi limemgusa zaidi. Tumekubaliana hivi: yeye anaomba kazi Lancaster na Palmdale. Asipopata, hatuhami. Akipata, tunapanga kwanza nyumba kule kwa mwaka wa shule, mimi napanda treni, ndipo tuzungumze kununua. Dalali nimemwambia asubiri. Binti ameuliza kama theluji inafika kweli. Swali la mwisho: nyumba moja ya kupanga haina kiyoyozi cha kawaida, kuna kile cha maji juu ya paa. Kinatosha?

Mkazi_Lancaster

Mwambie binti theluji inadondoka baadhi ya miaka, na usiku wa Januari mara nyingi maji yanaganda.

Kile cha maji kinafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu, na umeme kinatumia kidogo. Lakini Julai na Agosti joto linapita nyuzi 38 kwa siku mfululizo, na zikiingia siku za unyevu kutoka kusini hakipozi kitu. Kwa mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, hapana. Tafuta nyumba yenye kiyoyozi kamili, na chumba chake cha kulala kisiwe upande wa magharibi. Kabla ya kusaini, muombe mwenye nyumba bili za umeme za kiangazi kilichopita, mwezi kwa mwezi.