Kupima sauti ya spika za tamasha kwa droni: kelele za mapanga yake yanayozunguka mnazishindaje?

Fundi Spika, Kirumba
Wakuu, salaam. Nafunga muziki hapa Mwanza, harusi na matamasha ya wazi. Juzi tulisimamisha jukwaa kwenye uwanja ulio kati ya ziwa na mlima wa mawe, spika nane zimening'inizwa kila upande. Nilipima kama siku zote: maiki kwenye stendi, mita moja na nusu kutoka chini, kuanzia mbele hadi nyuma ya uwanja. Nikaridhika. Kesho yake asubuhi akateremka mama mmoja anayeishi juu kwenye mawe, mjukuu mgongoni. Akasema, "Mwanangu, muziki wenu mmeupigia chumbani kwangu." Nikamwomba radhi, lakini sikuwa na la kumweleza, maana usawa wa dirisha lake sijawahi kupima. Limeniuma. Nawaza kupandisha droni yenye maiki hadi kimo kile, ila droni nayo inanguruma. Kuna aliyejaribu?

Rubani wa Nyegezi
Mkuu, kibali kwanza. Droni inasajiliwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Kirumba na uwanja wa ndege si mbali. Tafuta mwenye vibali vyake, na msirushe juu ya watu.

Masafa
Kaka, inawezekana. Usifunge maiki kwenye mwili wa droni. Ining'inize kwa kamba nyepesi, mita tano hivi: ukilinganisha na mita moja, kelele za mapanga zinapungua kama desibeli 14. Ivishe sifongo na manyoya, kwa sababu upepo wa mapanga unashuka moja kwa moja juu yake. Kirekodi kidogo kining'inie hapo hapo na maiki.

Halafu usipime kwa muziki. Piga sauti inayopanda taratibu kutoka besi hadi juu kabisa, irudie mara kadhaa kila kituo, kisha programu ya kompyuta ibakize kile tu kinachofanana na ulichopiga. Ngurumo ya droni haifanani nacho, itapungua sana.

Ila usiidai kazi isiyoiweza. Droni inayumba. Besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita tatu na nusu, kuyumba kidogo si neno. Sauti ya juu ya hezi 10,000 ni sentimita tatu na nusu tu. Ukubwa wa sauti utaupata, kupanga muda ili sauti za spika zote zifike pamoja fanya kwa maiki ya stendi.

Fundi Spika, Kirumba
Nashukuru sana. Je, nikipima mchana, majibu yatafaa usiku?

Masafa
Hapo ndipo wengi wanajikwaa. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, kwa hiyo joto linapindisha sauti kwenda juu. Usiku upepo unageuka kwenda ziwani, ardhi inapoa, na hewa ikitulia sauti inainama kurudi chini na kufika mbali. Droni ya mchana itakuonyesha spika zimeelekea wapi. Tamasha likianza, peleka maiki kwa yule mama.

Fundi Spika, Kirumba
Mrejesho, wakuu. Tulimpata kijana mwenye vibali, tukafunga mzigo ule ule, tukarusha saa moja asubuhi uwanja ukiwa mtupu, ziwa limetulia. Sauti kali za juu zilikuwa kubwa zaidi usawa wa dirisha lake kuliko pale watazamaji wanaposimama. Spika mbili za juu kabisa zilikuwa zinatazama jiwe! Tumeziinamisha, tukarusha tena, sauti hizo zikapungua. Besi bado inapanda kama ilivyokuwa, kuinamisha hakuisaidii kitu. Jumamosi mama amekubali niweke stendi barazani kwake. Mwenye uzoefu wa kupanga spika za besi ili zisirushe nyuma na pembeni, naomba aniambie anaachanisha kwa mita ngapi.