Gari jipya kuuzwa juu ya bei ya lebo: sheria ikataze, au mnunuzi asubiri zamu yake?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Huko Marekani, Toyota Sienna mpya imekuwa gari la kupanga foleni tangu toleo la 2021, ilipoanza kutoka haibridi tupu: injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na umeme, nguvu farasi 245, karibu kilomita 15 kwa lita moja. Gari la watu 8, milango ya kuteleza, na bado linakunywa mafuta kidogo namna hiyo, si rahisi kulipata. Na ndugu zetu wengi walioko huko, Wakongo, Wakenya, Watanzania, wana familia zinazojaza viti hivyo vyote.

Shorumu zinalijua hilo. Gari likishuka kwenye lori, pembeni ya lebo ya kiwanda inabandikwa karatasi ya pili: "marekebisho ya soko", dola 3,000, dola 5,000, pengine zaidi. Cha juu hicho hakijaongeza hata boliti moja kwenye gari. Lebo yenyewe ipo kwa sheria ya 1958 iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ili mnunuzi aione bei ya kiwanda kabla hajaanza kuzungushwa. Hoja yangu: sheria ikataze kuuza gari jipya juu ya lebo. Huu ni ulanguzi.

Soko Huria

Mkuu, nakuelewa ila nakupinga. Bei ya lebo ni pendekezo la kiwanda, na shorumu ni biashara huru iliyolinunua gari kwa fedha yake. Zaidi ya hapo, ukikiziba cha juu hapa kitatokea pale. Watakufungia vikorombwezo vya lazima, watakupunja kwenye gari la zamani unalobadilisha, watakupandishia riba. Na magari yakiwa machache huku bei imefungwa, anayepata kwanza ni shemeji wa meneja. Angalau cha juu kilichobandikwa dirishani unakiona.

Mtu wa Mgao

Nyote mnaongelea bei, lakini mzizi ni mgao. Toyota Marekani haipokei oda ya mteja mmoja mmoja. Sienna inaunganishwa Princeton, Indiana, kiwanda hicho hicho kinachounganisha Highlander na Grand Highlander, na kila wakala, yaani mwenye shorumu, anapewa mgao wake wa magari kwa awamu. Kwa hiyo "kuagiza" maana yake ni kuomba gari moja ndani ya mgao ujao wa wakala huyo liandikwe jina lako. Wakala mdogo mwenye Sienna mbili kwa mwezi na watu 15 kwenye daftari anakupa foleni ya miezi saba au nane, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Ndiyo maana swali la kwanza si "bei gani?" bali ni maswali mawili: mnapata Sienna ngapi kwa mwezi, na mbele yangu kuna watu wangapi wanaotaka daraja hili hili, yaani toleo lenye vifaa vilevile?

Mipaka ya wasambazaji, wanaosimama kati ya Toyota na mawakala, nayo ina uzito wake. Texas, Oklahoma, Arkansas, Louisiana na Mississippi ziko chini ya Gulf States Toyota. Florida, Georgia, Alabama na Carolina zote mbili ziko chini ya Southeast Toyota. Ni kampuni binafsi, na magari yanayopitia kwao mara nyingi hufika yakiwa na vifurushi vilivyofungwa njiani. Wakala wa huko akisema hawezi kukitoa kifurushi, mara nyingi anasema kweli. Dawa ni kutafuta jimbo lingine. Ukinunua nje, kodi ya mauzo bado inafuata jimbo unalosajili gari, hivyo usitegemee kukwepa kodi. Unachookoa ni cha juu na vikorombwezo.

Andikia mawakala 15 hadi 20 ndani ya maili 400, siku moja, wote ujumbe uleule. Yaliyomo yawe haya: *Natafuta Sienna daraja la LE, ya watu 8, rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Naweza kusubiri miezi mitano. Naomba jumla ya kuondokea, ikichanganuliwa: bei ya lebo, ada ya makaratasi, vilivyofungwa shorumu, kodi, usajili. Silipi marekebisho ya soko.* Wengi watajibu "karibu shorumu tuzungumze". Hao waache. Anayetuma mchanganuo kwa maandishi ndiye wa kuongea naye, hata akiwa mbali. Na usikaze sana kwenye rangi: kila rangi unayoikubali inakuongezea magari ambayo zamu yako inaweza kuangukia.

Kishika uchumba, yaani malipo ya kushikiwa gari, kisizidi dola 500, kilipwe kwa kadi ya mkopo, na risiti iandikwe kwamba kinarudishwa chote ukighairi. Karatasi hiyo hiyo itaje daraja, rangi ulizokubali, na maneno "bei haitazidi lebo". Bila maneno hayo umelipia kusimama kwenye foleni tu. Gari likifika bei inaanza upya. Likishaingia kwenye mgao omba namba ya chesisi, tarakimu na herufi 17, au hata zile 8 za mwisho kama haijakamilika, uifuate hatua kwa hatua. Kwenye mfumo wao utasikia A, limepangiwa au linaundwa. F, liko njiani. G, limefika uwanjani. Likiingia G bila wewe kupigiwa simu, piga wewe siku hiyo hiyo.

Mhasibu wa Familia

Niongeze namba. Cha juu cha dola 5,000 kikiingizwa kwenye mkopo wa miezi 72 kwa riba ya 7% ni dola 85 kila mwezi, jumla kama dola 6,140. Sasa tazama hili: dola 40,000 kwa miezi 72, riba ikipandishwa kutoka 6% hadi 8%, unalipa karibu dola 2,765 zaidi, na hakuna karatasi yoyote dirishani inayokuonya. Shorumu inaruhusiwa kuongeza riba juu ya ile iliyotolewa na benki na kubaki na tofauti. Kwa hiyo fika na kibali cha mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo, wenzao wa SACCOS zetu, kisha waambie waishinde riba hiyo.

Ada ya makaratasi nayo: California haizidi dola 85, New York haizidi 175, Florida haina ukomo na dola 1,000 si ajabu. Na kwenye mchanganuo mkiona "naitrojeni ya matairi, dola 199", kumbukeni hewa ya kawaida tayari ni 78% naitrojeni.

Mama Watano

Ndugu zangu, kusubiri miezi mitano ni kwa mwenye gari linalotembea. Ambaye gari lake limekufa injini na watoto wanatakiwa shule Jumatatu, huyo ndiye anayebandikiwa dola 5,000, kwa sababu wanaona hana pa kwenda. Namuunga mkono mleta mada.

Ila pia tusiabudu gari moja. Honda Odyssey haina haibridi, lakini viti vya safu ya pili vinatoka kabisa, wakati vya Sienna havitoki. Kia Carnival ina haibridi tangu toleo la 2025. Kuwa na bei ya maandishi ya moja ya hizo mkononi kunakupa nguvu ya kuondoka, na wakala wa Toyota anaiona nguvu hiyo usoni.

Soko Huria

Dada, hapo tunakubaliana. Mwaka 2022 General Motors na Ford ziliwaandikia mawakala wao kuwaonya juu ya bei za kupandisha. Kiwanda chenye mgao mkononi kinaweza kumbana wakala haraka kuliko bunge.

Mleta mada

Kinaweza, lakini maadamu magari yananunuliwa yote kiwanda hakina haraka. Sheria za majimbo mengi zinamlinda wakala dhidi ya kiwanda, na mnunuzi wa kawaida hana wa kumlinda. Tume ya Biashara ya Marekani ilipitisha kanuni Desemba 2023 ya kulazimisha bei kamili itajwe mapema na kukataza vikorombwezo visivyo na faida. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaifuta kwa kosa la utaratibu wa kuitunga.

Nakubali hoja ya Soko Huria kwamba kukataza cha juu peke yake kutakihamishia kwenye riba. Basi narekebisha: kwanza bei moja kamili kwa maandishi kabla mtu hajaendesha gari la majaribio, na shorumu itangaze kiasi ilichoongeza kwenye riba. Marufuku ya kupita lebo ije juu ya hayo.

Na kwa anayekwenda kusaini wiki hii: ile haki ya kughairi ndani ya siku tatu inayosemwa sana haihusu gari jipya ulilonunua shorumu. Linganisha mkataba na ule mchanganuo mstari kwa mstari ukiwa bado na kalamu mezani, na usiondoke na gari kabla mkopo haujapitishwa, maana wanaweza kukurudisha baada ya wiki na riba mpya.